Moto wa Muheto katika Nyumba ya Umeme

Nimehama mara sita katika maisha yangu, na kila mara nimesimamia moto na taa mimi mwenyewe. Sahani zikivunjika, utanunua zingine. Kitanda kikibaki, utalala chini, mugongo utalalamika wiki moja kisha utanyamaza. Lakini mutu anayehama bila kujua jioni ile atapikia kwa moto gani na ataona kwa taa gani, huyo hajahama, ametupwa. Wajukuu wangu wanacheka nikisema hivyo. Wacheke. Wao walizaliwa wakakuta taa imeshaning'inia.

Nitaeleza kuhama kwangu kwa kwanza, kwa sababu pale njo nilikaribia kupoteza ndoa yangu, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, ile ya mwanzo. Tulikaa Muheto, katika muji wa baba mukwe, watu wa shamba wenye ng'ombe wachache. Bwana yangu alikuwa ameshuka Walikale kufanya kazi kambini, mahali walipochimba mawe ya bati. Kule alilala kwenye nyumba ndefu ya wanaume waliokaa bila wake. Mimi nilibaki juu kwa mama yake, miaka mitatu ya ndoa na tumbo bado bapa. Na lingevimba namna gani, bwana akiwa Walikale? Lakini shangazi zake hawakuhesabu vile. Walikuja kutusaidia kupiga maharagi, kumbe walikuja kupiga mudomo. Walisema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba mwana wao anapoteza wakati. Kulikuwa na musichana mmoja wa upande wa Lushebere aliyeanza kutajwa sana. Kila nikisikia akitajwa, nilipiga maharagi kwa nguvu zaidi, mpaka mengine yakarukia kwa jirani.

Kisha dereva wa kamiyo, lile lori la kambi, akaleta ujumbe. Bwana yangu amepewa nyumba ya matofali, vyumba viwili, umeme ndani, na anataka muke wake ashuke. Nyumba za namna ile walipewa wenye wake tu, na mwezi wa kwanza ulikuwa wa kujaribiwa. Mwezi ukiisha, mukubwa wa kambi anapita kuangalia. Akikuta nyumba imetunzwa vibaya, muke anapandishwa kamiyo kurudi kwao na mume anarudi nyumba ndefu. Mimi nilielewa hesabu ile mara moja. Nikipandishwa kamiyo ile, sitashuka tena. Atashuka yule wa Lushebere.

Sasa, kwetu muke anayeenda kuanza nyumba anahama na moto. Unatoka katika jiko la mama mukwe. Akikupa moto wake, amekukubali. Asipokupa, hata padri awafungishe ndoa mara mbili, wewe ni mugeni tu. Na ukikuzimikia njiani, haukopi kwa jirani wala hauwashi kiberiti. Unarudi kuuchukua, na njia nzima watu wanakuona na chungu chako baridi, kila mutu anajua umeshindwa nini.

Mama mukwe alikuwa mwanamuke mufupi, mukali, asiyependa maneno mengi. Nilijua atanipa viazi, atanipa chumvi, lakini moto sikuwa na hakika. Asubuhi ya safari akapiga magoti kwenye jiko lake, akachagua makaa matatu ya muti mugumu, akayalaza katika chungu chenye majivu, na juu yake akavunjia mavi makavu ya ng'ombe, kwa sababu yanaungua polepole bila kutoa ulimi wa moto. Akaweka kifuniko upande.

"Uache nafasi," akaniambia. "Moto inapumua sawa mutu. Ikizimika, utarudi."

Ni hayo tu. Shangazi za bwana yangu walikuwa pale wanaangalia, midomo imefungwa. Nikatoka katika uwanja ule nikiwa bibi harusi mara ya pili. Nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya, hata shingo ilinyooka yenyewe.

Shemeji yangu mukubwa alinisindikiza kwa miguu mpaka Masisi, akaniacha kwenye kamiyo, akarudi. Njia yote moto ulikuwa muzima. Kila tulipopumzika niliulisha kidogo, nikauona unapepesa ndani ya majivu, nikafunika upande kama nilivyoambiwa.

Tatizo lilikuwa kamiyo. Ilibeba mapipa ya mafuta ya mashine za kambi, na niliona dereva anawanyang'anya wanaume sigara kabla ya kuwapandisha. Akanifikia mimi.

"Mama, mu chungu muko nini?"

"Viazi," nikasema.

Nilisema bila kupepesa macho. Nilipokuwa kijana uongo mudogo haukunisumbua, uliniteleza tu kama mulenda. Lakini viazi havitoi moshi. Kwa hiyo nikakandamiza kifuniko, nikafunga kitambaa mara mbili juu yake, nikakaza fundo kwa meno, na nikakibana chungu katikati ya magoti. Niliteremka mulima ule wote nikijisifu kwa akili yangu.

Karibu na kambi tulikuta daraja limetolewa mbao, wanalitengeneza. Dereva akasema kamiyo itangoja, wenye miguu wavuke kwa gogo. Mimi nikaenda kwanza nyuma ya miti, nikafungua fundo. Chungu kilikuwa baridi. Nikachimba majivu kwa vidole mpaka chini kabisa, nikakuta makaa matatu meusi. Mama mukwe aliniambia moto unapumua, na mimi nimeuziba pua kwa mikono yangu.

Nililia. Mimi siyo mutu wa kulia ovyo, lakini pale nililia na kamasi zilitoka. Kulikuwa na mujane mumoja tuliyepanda naye, aliuza chumvi kati ya Masisi na Walikale. Alinifuata, akaangalia chungu, akaniangalia mimi. Akatoa kiberiti ndani ya kitambaa chake cha kichwa.

"Kamata, mwanangu. Mungu hana kazi ya kuhesabu njiti."

Nikafikiri kurudi. Nikaona njia yote ile ya kupanda, chungu baridi kichwani, shangazi wakinipokea, na yule wa Lushebere akifunga mizigo yake. Nikawasha. Mavi ya ng'ombe yakashika upesi, yakatoa moshi mweupe muzuri kabisa. Nikafunika upande, sasa nikiwa mwanafunzi mwema, nikavuka gogo kwa miguu.

Bwana yangu alikuwa anangojea penye mwingilio wa kambi. Hakuniangalia mimi kwanza, aliangalia moshi. Akavua kofia, akainama juu ya chungu akanusa, mutu muzima, mufanyakazi wa mashine, mbele ya watu.

"Njo moto ya mama," akasema. "Inanuka Muheto."

Macho yake yalikuwa na maji. Na kweli ilinuka Muheto, mavi yalikuwa ya ng'ombe zao. Ningesema pale pale yangeisha. Lakini nilikuwa sijamuona miezi minane, na alikuwa ananiangalia sasa kwa namna ambayo sikutaka ikatike. Nikamupa chungu akibebe.

Kesho yake akaja fundi wa umeme, mzee mumoja wa Pinga tuliyemwita papa, na karatasi. Akaandika: taa moja ya kioo, kitufe kimoja, waya bila kidonda. Bwana yangu akaweka kidole. Kisha yule papa akageukia mimi, akasema, "Mama, huyu atakuwa kwenye kazi, wewe njo utalala na kuamka na hii kitu." Akanionyesha. Asubuhi unazima. Nguo hazianikwi kwenye waya. Mikono yenye maji haigusi kitufe. Na zaidi ya yote, moto wa kupikia hauingii ndani, kwa sababu waya umevikwa kitambaa na mupira, na joto na moshi vinakula nguo yake. Jiko liko nyuma, kwenye kibanda.

Nilishika yote mara moja. Sijisifu, lakini wiki haijaisha wanawake wa musitari wetu wa nyumba walikuwa wananiita kuwaonyesha namna ya kupangusa kioo bila kukizungusha kikaanguka. Nilipenda taa ile. Nilitwanga sombe, yale majani ya muhogo, usiku na niliona kila jani.

Lakini kibanda kile kilivuja. Mvua ya kwetu juu inakuja, inapita. Mvua ya Walikale inakuja kukaa. Siku ya tano bwana yangu akatoka kazini akakuta maji yanadondoka juu ya jiko na moto unalia fss, fss. Akakunja uso. Akabeba mafiga moja moja, akayaweka ndani, chumba cha nyuma, chini ya waya kabisa, akahamisha makaa.

"Moto ya mama haitalala kwa mvua," akasema.

"Fundi alikataza."

"Fundi hana mama?"

Na mimi, ambaye nina jibu kwa kila mutu tangu nizaliwe, nikaenda kuleta kuni kavu.

Basi tukaishi vile. Kila asubuhi nilipanda juu ya kiti, nikapangusa masizi kwenye taa iliyokuwa nyeusi kama biringanya. Dari likawa jeusi, nguo zetu zikanuka moshi. Jioni bwana yangu akirudi alichuchumaa kwanza kwenye mafiga, akasogeza ukuni, akatabasamu peke yake, ndipo ananisalimia. Nilianza kukionea wivu kiberiti. Wanawake wa jirani walisema, wewe una bahati, bwana yako anampenda mama yake namna ile, na wewe atakupenda. Nilisema ndiyo, nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Wiki moja kabla ya mukubwa kupita, papa wa Pinga akaja kuangalia. Akasimama katika chumba cha nyuma akiangalia juu. Kisha akakwaruza waya kwa ukucha, na nguo yake ikadondoka vipande vipande katika sufuria yangu ya maharagi.

"Mama, hii nyumba itaungua na ninyi ndani," akasema. Hakukasirika, na hiyo iliniogopesha zaidi. "Mupaka siku ya posho niikute haina moto. Kama iko, nitasema kwa mukubwa. Siwezi kuficha waya."

Siku ya posho ni Jumamosi. Alimungoja bwana yangu atoke kazini akamwambia vilevile, polepole, kwa heshima. Bwana yangu akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Papa, moto ya mama yangu haizimwe na mutu wa kazi. Afazali nirudi nyumba ndefu."

Afadhali arudi nyumba ndefu. Na mimi? Alisema maneno yale mimi nimesimama pale, na hakuona kwamba ananipandisha kamiyo kwa mudomo wake mwenyewe. Lakini ningemukasirikia kwa haki gani? Alikuwa anatetea kitu cha mama yake. Kumbe alikuwa anatetea njiti ya mujane wa chumvi.

Wazee wanasema mficha ugonjwa, kifo kitamuumbua. Mimi sikutaka kungoja kifo. Ijumaa, alipotoka kazini akachuchumaa kwenye mafiga yake, nikachuchumaa upande mwingine.

"Huu si moto wa mama yako," nikasema. "Ule ulikufa. Huu ni wa kiberiti."

Aliendelea kusogeza kuni kidogo, kama mutu ambaye masikio yake yako nyuma.

"Ulikufa wapi?"

"Kwa daraja. Niliufunika nikamudanganya dereva, ukakosa pumzi."

"Na hukuniambia."

"Uliunusa. Ukafurahi. Nikaogopa."

"Uliniacha ninuse kiberiti mwezi muzima," akasema.

Akaamka akatoka. Sikuwahi kumuona anakasirika bila kelele, na naomba Mungu nisione tena. Nikachukua maji nikazima moto mwenyewe, nikatoa mafiga, nikasugua dari kwa majivu na maji mpaka mikono ikachubuka. Nilimwita papa wa Pinga, akabadilisha kipande cha waya. Jumamosi mukubwa wa kambi akapita, akaangalia juu, akaangalia chini, akawasha, akazima, akaandika, akaenda kwa jirani. Nyumba yetu ilikubaliwa. Wanawake wa musitari wakanipongeza, nami nikacheka nao kwa meno tu.

Bwana yangu alikula kwa rafiki zake siku mbili. Jumapili, kabla ya misa, alisema neno moja.

"Kesho kamiyo inapanda Masisi."

Nikaelewa. Sheria ya kwetu ilikuwa wazi: ukizimika, utarudi. Angeweza kunipiga, angeweza kunitukana, na hakufanya hata kimoja. Alinikumbusha sheria tu. Na nilijua nitakachokutana nacho kule juu. Mama mukwe alikuwa amenipa mbele ya mashahidi. Mwanamuke aliyeua moto mara moja hapewi mara ya pili na shangazi wakiwa hai.

Sikumwomba. Mimi siyo mutu wa kushika muguu wa mwanaume. Niliosha chungu, nikafunga nguo zangu mbili, nikafagia, nikazima taa, nikaangalia kama kitufe kimekaa vizuri. Moyoni nililia kama mutoto aliyeachishwa ziwa. Niliipenda nyumba ile. Yeye nilimpenda zaidi, na sikuwa nimemwambia, kwa sababu wakati ule watu hawakuambiana.

Jumatatu nikasimama penye kamiyo, chungu kichwani. Bwana yangu akaja, amevaa suruali yake ya kanisa. Akakitoa chungu kichwani mwangu. Nikafikiri ananisaidia kukipandisha. Akapanda yeye.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kuchukua moto. Nimeomba ruhusa kazini."

"Wewe ni mwanaume."

"Najua." Akakaa, akaweka chungu juu ya magoti. "Wewe ubaki na nyumba. Papa wa Pinga atapita kuandika jina yako kwa karatasi ya taa, njo wewe utajibu kama mimi siko."

Wanaume kwenye kamiyo walikuwa wameshaanza kucheka. Mwanaume na chungu cha moto, kwetu watu wangecheka vile hata leo. Yeye alitazama mbele.

"Na mama utamwambia nini?"

"Nitamwambia ulifika nao muzuri. Mimi njo nilipindua."

Dereva, yule yule, akauliza muko nini ndani ya chungu. Bwana yangu akajibu, "Saa hii hamuna kitu. Wakati wa kurudi mutakuwa moto. Utaniwekea wapi?" Dereva akakuna kichwa, akamuonyesha sanduku la chuma lililofungwa nyuma ya kibanda chake cha kuendeshea, mbali na mapipa, akasema pale hapana shida. Kumbe kazi yote ilikuwa kuuliza.

Alikaa siku tano. Siku hizo nilikusanya majani mapana na wanawake wa musitari, tukaezeka kibanda cha nyuma upya, tabaka tatu, mpaka mvua ikajichokea yenyewe. Nikaweka kidole changu kwenye karatasi ya taa. Siku ya tano akashuka na chungu kinatoa moshi, nikapokea, na sikukinusa. Nilipika kwa moto ule jioni ile ile.

Mwaka uliofuata nilizaa, na mama mukwe akashuka kuona mutoto. Alikaa kwenye kibanda, akala maharagi niliyopika kwa moto wake, akaeleza majirani wote, mmoja baada ya mwingine, kwamba muke wa mwana wake alibeba moto tangu Muheto mpaka Walikale bila kuuzima, na mwana wake akaupiga teke mwezi mmoja baadaye kama mutu asiyekuwa na macho, akalazimika kuja kuuomba tena na suruali ya kanisa. Aliendelea kueleza hivyo mpaka alipokufa, hata katika harusi za watu. Nilikuwa nakaa pale nashona. Bwana yangu naye alikuwa anamusikiliza mama yake mpaka mwisho, kisha ananiomba nimuongezee maharagi.